Maksai Kumi wa Baba Mezani Leeds

Baba,

Mwangaluka. Jumamosi saa kumi jioni, jaji wa mashindano ya kupaka rangi sanamu hapa Leeds, Bi Margaret, daktari wa meno mstaafu, alitangaza mbele ya ukumbi uliojaa kwamba maksai wako kumi wameshika nafasi ya kwanza. Nimeanza na hilo kwa sababu linakuhusu. Sasa nikuulize: mgongo umepoa? Goti la mayu je, mama bado anachechemea? Mvua imeshuka Ngulyati, au bado mnaangalia mawingu? Mimi ni mzima. Kazi ya redio ni ileile na baridi imeanza.

Najua kaka Doto amewaambia majirani kwamba mdogo wake mwenye mvi anacheza na wanasesere Ulaya. Ukweli ni huu. Ni sanamu za vita vya kubuni, ambazo watu huzipiganisha mezani kwa kete na rula. Hufika vipandevipande vya plastiki ya kijivu. Unavikata, unavilainisha kwa wembe, unavigundisha, kisha unavipaka rangi kwa brashi yenye ncha kama sindano. Boksi langu lilikuwa na mazimwi kumi, kila zimwi limepanda mnyama mwenye pembe, urefu wa kidole gumba.

Unakumbuka likizo iliyopita. Ulinisimamisha langoni mwa zizi, ng'ombe wakiingia, ukaniambia nitaje maksai kumi kwa kuwaona nyuma tu, kama ulivyotupima utotoni. Nilitaja wawili. Maksai aitwaye Dirisha nilimwita Polisi, jina la mwenzake, na Doto akacheka mpaka akashika nguzo ya lango. Wewe hukucheka. Ulisema, "Shija, siku ya mgao simpi ng'ombe mtu ambaye akiwakuta mnadani Sapiwi atawapita kama wa mwenzake."

Niliporudi huku nilimwomba dada Kulwa anitumie picha za kila maksai, ubavu huu, ubavu ule, na nyuma. Wale wanyama wa boksi hawakuwa na nundu, nikawafinyangia. Colin, dereva wa basi tunayekaa naye meza moja klabuni, aliwatazama akauliza, "Mbona hawa wamevimba mgongoni? Wanaumwa?" Nikapaka rangi miezi saba, ngozi moja baada ya nyingine. Mara moja Kulwa aliona picha akanipigia: "We Shija, umempa Polisi mguu wa Shilingi." Nilimwosha Polisi mpaka plastiki, nikaanza upya.

Jumanne ya wiki ya mashindano Colin alinishauri niwapake wote kahawia. Majaji wa hapa wanapenda kikosi kinachofanana.

"Jeshi ni sare, bwana. Hili lako ni gulio."

"Wakifanana nitawajuaje?"

"Kwani unatakiwa kuwajua?"

Nilimwambia ndiyo, nikawaacha walivyo.

Jumamosi Bi Margaret alifika mezani kwetu na kile kioo kidogo cha kutazamia meno. Alizunguka mara mbili. Akauliza kama mabaka yale yana mpango au nimeyatupa tu. Nikasema kila mmoja ana jina, na nimeliandika kwa penseli chini yake. Hakuniamini. Aliniambia nigeuke, akawachanganya, akawaweka nyuma ya kadi ili nione matako tu. Baba, sikuwa nimemsimulia habari za lango lako.

"Huyu?"

"Polisi. Soksi nyeupe mguu wa kushoto, ncha ya mkia imekatwa na fisi."

Aligeuza, akasoma penseli, akamrudisha kundini na kuwachanganya upya, hata aweze kumrudia yuleyule. Mara tisa nilipatia hivyo. Mara ya kumi akaja mwekundu mtupu, hana alama nyuma. Nilimwomba amgeuze kidogo.

"Sigeuzi."

Nikaangalia nyonga. Ya kulia ilikuwa chini kuliko ya kushoto.

"Dirisha. Alitumbukia shimo la kisima akiwa ndama."

Alimgeuza, akasoma penseli: Dirisha. Ndipo akaenda kuandika alama. Colin alisema, "Nifundishe na mimi. Wangu ni sare, hata mimi siwajui." Mayu akitaka kuiona nishani niliyopewa, nitakuja nayo.

Nisalimie mayu na goti lake, na Kulwa, ambaye nusu ya ushindi ni yake. Shangazi wa Zagayu mwambie kitambaa chake nimekipata. Doto mwambie asiwafunge ng'ombe mapema.

Tiketi nimekata. Nitashuka Bariadi Alhamisi ya pili ya Desemba mchana, na kabla jua halijazama nitakuwa nimesimama langoni. Wewe waingize tu.

Mwanao,
Shija