Wifi, Krotoni Yako Bado Iko Izia

Mpendwa wifi yangu Rehema,

Shikamoo. Ni mimi Skola, mdogo wake Deo. Nimekutumia barua mbili kupitia ile shule iliyo karibu na nyumba ya wazazi wako kule Pangani, na zote hazikujibiwa. Ndiyo maana hii naiandika hadharani. Huenda mtu wa kwenu akaisoma, akakuambia kuna mwanamke Sumbawanga anakutafuta, tena ana neno ambalo alipaswa kukuambia tangu akiwa msichana.

Nakukumbuka siku ile ulivyoshuka kwenye lori la kaka. Ulikuwa mwezi wa sita, upepo unavuma hadi mabati yanalia. Deo alikuwa dereva wa shirika moja la usafirishaji la serikali, na safari zake za Tanga ndizo zilizowakutanisha. Sisi tulimtegemea bibi harusi mwenye sanduku. Wewe ulishuka umepakata kopo la rangi lililofunikwa kanga, kama mtu aliyebeba mtoto. Ndani yake kulikuwa na mti mfupi wa majani ya kijani, yenye madoa ya njano na mishipa myekundu.

"Hiyo mboga gani?" mama aliuliza, kabla hata ya kukukaribisha.

"Si mboga, mama. Ni ua. Tunaliita krotoni."

"Linaliwa?"

"Haliliwi, mama."

Mama akanitazama mimi badala ya kukutazama wewe, kisha akaingia jikoni. Nilicheka, wifi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimekuchukia kabla hujafika, kwa sababu chumba changu ndicho mlichopewa ninyi.

Wiki ya pili majani yakaanza kudondoka. Kila asubuhi uliyaokota sakafuni, ukayahesabu kimyakimya, huku wewe mwenyewe unatetemeka ndani ya sweta mbili za mitumba. "Kwetu hili ua halilelewi," uliniambia. "Kwetu ndilo tunalozungushia ua. Mbuzi wanalipita hawalitazami." Ukacheka, halafu macho yakakujaa machozi, na mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikasema, "Wifi, huo udongo wako ni mchanga mtupu. Twende shambani."

Nilikupeleka kwenye matuta ya mama ya mwaka uliopita, yale tunayofukia nyasi zikaoza humo. Ulichota udongo mweusi kwa mikono, ukaunusa. Tulitoboa kopo chini kwa msumari, tukaweka kokoto, udongo, na mchanga kidogo ili maji yasituame. Nadhani urafiki wetu ulianzia pale, mikono yetu yote ikiwa michafu.

Halafu ulinifundisha. Kwamba mti huo hauchukii ukame kama unavyochukia baridi. Kwamba wakati wa kipupwe usinyweshwe maji ya bombani yalivyo, bali yawekwe kwanza juani yavunje ubaridi. Kwamba bila mwanga wa kutosha majani hupoteza rangi yakabaki kijani tupu. Tulilipatia mahali pale ukuta wa jiko unapotazama mashariki, ambako matofali hushika joto la moto wa kuni. Asubuhi lilitoka, na kabla upepo wa saa kumi haujaanza lilirudi ndani. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Popote nilipokuwa, nilisikia sauti yako: "Skola, ua limeingia?"

Lilipochipua upya, lilichipua kwa hasira. Ukakata matawi, ukapangusa utomvu mweupe, ukanionya nisiuguse kwa gauni kwa kuwa hautoki ukifuliwa. Ukayachomeka kwenye mchanga wenye unyevu na kuyafunika kwa mifuko ya nailoni. Ndiyo ile miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi zilipofunguliwa. Maduka yalikuwa yanafunguliwa Mazwi, katikati ya mji, kila mwezi, na nyumba za wageni, na kila mwenye nyumba ya wageni alitaka kitu kizuri mlangoni. Wakaanza kuja mtaani kwetu Izia kumuulizia "yule mama wa Pwani mwenye maua". Ulijinunulia viatu vya mvua, na mama ukamnunulia blanketi.

Lakini ruksa hiyohiyo ndiyo iliyofunga shirika la kaka. Madereva walipunguzwa kazi siku moja. Deo alikaa nyumbani miezi mitatu akitazama barabara. Kisha akasema anakwenda Kasanga, ziwani, kuna watu wanataka dereva wa kusomba dagaa. Ulimfungia chakula. Alisema angeandika.

Mwaka huo ndio mama alipobadilika, sijui kama uliona. Siku moja ulikuwa Mazwi kupeleka miche, na mimi nilikuwa kisimani. Mvua ya mawe ikaanguka ghafla. Nilirudi mbio, najua kopo liko nje. Nilimkuta mama chumbani kwake, amelowa hadi kiunoni, ameketi sakafuni na krotoni yako katikati ya magoti. Paji la uso lilikuwa limevimba pale alipopigwa na jiwe la barafu. "Usimwambie kwamba lilinyeshewa," alisema. "Atafikiri hatulijali." Tangu hapo hakukuita mgeni tena. Akakuita mwanangu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Kaka aliandika, Rehema.

Barua ililetwa kwa mkono na utingo wa lori la dagaa, wewe ukiwa shambani. Mama hakujua kusoma. Nilimsomea jikoni. Deo alisema ameanza nyumba nyingine kule Kasanga, na mwanamke huyo ana mimba. Mwishoni aliandika hivi: "Mwambieni Rehema asinisubiri. Yeye bado kijana. Akitaka kurudi kwao, msimzuie."

 Mama akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaisukuma kwenye moto.

"Mama, kaka amesema aambiwe."

"Kaka yako amesema. Mimi sijasema."

"Anasubiri bure."

"Ukimwambia ataondoka," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Unataka aondoke?"

Sikutaka. Hilo ndilo kosa langu, silitupi kwa mama ambaye hayupo. Ningeweza kukufuata shambani jioni ileile. Badala yake nilikwenda kuingiza ua ndani. Ulipofika, ukiwa na jembe begani, uliuliza kama kawaida yako, "Barua hamna?"

"Hamna, wifi."

Miaka miwili nilikujibu hivyo. Miaka miwili ulikuwa ukisuka nywele kila mwisho wa mwezi, eti huenda akaja na ndugu wakakukuta hovyo. Yule fundi mbao mpole aliyekuwa akija kununua miche asiyoihitaji ulimwambia mbele yangu, "Mimi ni mke wa mtu." Nikainamisha kichwa nikaendelea kuchekecha mchanga.

Deo alikuja mchana, bila taarifa, na furushi la samaki wakavu. Ulikuwa ukutani pa jiko, unapangusa majani vumbi kwa kitambaa. Alisimama kama aliyeona mzimu.

"Rehema? Bado upo hapa?"

"Niwe wapi kwingine?"

"Si niliandika? Mwaka juzi. Skola hakukusomea?"

Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. Mama alikuwa mlangoni. Uliuliza swali moja tu, "Iliandikwa nini?" na Deo mwenyewe ndiye aliyekujibu, akiangalia viatu vyake.

Hukupiga kelele. Siku ya tatu ulikuwa umefunga mzigo. Nilikuuliza kama nikukatie tawi la kuondoka nalo, ukasema, "Kwetu yapo kila kona." Mama alikupa unga wa ulezi kwenye mfuko, akashika mkono wako, akauachia, akarudi ndani. Mimi nilikusindikiza stendi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, na yaliyotoka ni haya tu, kwamba tuliogopa ungeondoka. Basi la Mbeya lilikuwa limeshawasha injini uliponigeukia.

"Ungeniambia tu, Skola," ulisema. "Nani alikuambia ningeondoka?"

Ukapanda.

Nimeishi na maneno hayo tangu siku ile. Niliolewa, nikaingia nyumba ya watu nikiwa mgeni, nikajua baridi uliyoijua. Wanangu wamekua. Krotoni yako, hapahapa Izia, imehamia kwenye pipa lililokatwa nusu, na kimo chake kinanipita. Miche yake nimeigawa mtaa mzima. Walioiacha nje mwezi wa saba iliwafia. Walioniuliza, nimewafundisha vilevile ulivyonifundisha, na nawaambia jina lako.

Mama alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Siku zake za mwisho alinichanganya na wewe. Nilipomwinua kumpa uji alikuwa akiniita Rehema, akisema, "Mwanangu, nisamehe, nilikuwa na ubinafsi." Sikumsahihisha. Nilimjibu, "Nimekusamehe, mama," nikitumia kinywa chako bila ruhusa yako. Hilo nalo naliungama hapa. Kama nilikosea, unisamehe mimi, usimwondolee yeye amani aliyokwenda nayo.

Sikuombi urudi. Huenda una mume mwema na wajukuu, na nyumba yetu kwako ni kipande kibaya cha ujana wako. Nataka ujue tu kwamba hatukukuficha barua ile kwa sababu hatukukujali. Tulikuiba kwa sababu tulikupenda, na bado ni wizi.

Kaa kwa heri, wifi yangu. Ndoa iliyonipa haki ya kukuita jina hili ilikwisha zamani, na sijapata jina jingine.

Wifi yako,
Skola