Kikapu cha Kwenye Kioo

Nimeunakili ukurasa huu kutoka daftari langu la mwaka 1998, mwaka ambao shirika letu la mkonge liliuzwa. Sijabadilisha neno.

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri.

Mtaa wetu wote wa Usagara ni matope. Nimefika nyumbani nimelowa, nimeswali magharibi, nimejimiminia chai na sina hamu nayo. Leo nina uchungu, na afadhali niuandike kabla sijaanza kujidanganya.

Nimejionea aibu.

Miaka ishirini na miwili nimekuwa masjala. Niliyatunza majalada ya shirika hata miaka ile ya foleni za sukari, tulipokosa karatasi tukawa tunaandika barua mpya nyuma ya barua za zamani, na hakuna bosi aliyeniomba jalada nikamwambia sijui liko wapi. Sasa tumeuzwa. Mwenye mali mpya ameleta kompyuta nne, na meneja wake ametangaza kwamba katika makarani sita wa masjala atabaki mmoja, yule atakayezimudu. Wengine wakapumzike. Ndivyo alivyosema, wakapumzike, utadhani tulimwambia tumechoka.

Mimi sina pa kupumzikia. Tangu mume wangu afariki, mshahara huu ndio nyumba hii.

Basi nikajifunza. Chumba cha kompyuta kina kiyoyozi na zulia, tunavua viatu mlangoni kama tunaingia msikitini, na mashine zimefunikwa vitambaa vyeupe. Siku ya kwanza niliambiwa nisogeze kipanya juu, nikakiinua hewani. Wenzangu walicheka. Mimi nilicheka nao, lakini moyoni nilitamani zulia linimeze.

Mwalimu wetu ni Mwantumu, na hapo pana uchungu wa peke yake. Mwantumu alikuwa karani wangu. Miaka kumi iliyopita alirudisha jalada moja kwenye kabati silo, tukalitafuta siku mbili, nami nikaandika ripoti. Hakupewa hata onyo. Alihamishiwa shambani, upande wa Maramba, akakae huko na vitabu vya mahudhurio ya wakata mkonge. Akiwa huko akajilipia masomo ya kompyuta, na sasa amerudi kunifundisha mimi. Ananiamkia shikamoo dada kila asubuhi, kwa adabu kamili, na kila asubuhi naitikia nikiangalia pembeni.

Siku ya pili aliniona nahangaika, akavuta kiti. "Usiiogope, dada. Huu uso wote wa kioo chukulia ndiyo meza yako ya masjala. Hivi vijisanduku vya njano ni majalada. Unaweka karatasi ndani ya jalada, na jalada ndani ya jalada jingine."

Nilimshukuru. Tangu siku ile mkono ulitulia. Nilifungua folda ya kila shamba, ndani yake folda ya kila mfanyakazi, na ndani yake nikachapa habari zake: kwao ni wapi, aliajiriwa lini, amefanya kazi gani. Wiki tatu nilichapa. Macho yaliuma, shingo iliuma, ila nilianza kuona raha, na niliwapita wenzangu wote. Hata Mwantumu alikiri hivyo mbele yao. Meneja akasema atakuja Alhamisi kuiona kazi yangu kwa macho yake.

Sasa niseme nilichofanya.

Masjala kwetu kuna kapu la ukindu chini ya meza yangu. Jalada likishafanyiwa kazi hutiwa humo, na kabla ya kufunga ofisi nayatoa yote nayarudisha kabatini, kila moja mahali pake. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Meza isiachwe na jalada, na kapu lisiguswe na mtu ila mimi.

Kwenye kioo pia kuna kikapu. Kimekaa pembeni, na chini yake pana maandishi ya Kiingereza ambayo sikujishughulisha nayo. Jana kazi ikaisha. Nikaitazama ile meza ya kioo imejaa folda, nikakumbuka kwamba kesho meneja anakuja, nikaona si vizuri akute meza chafu. Nikazivuta folda zote, moja baada ya moja, nikazitia kikapuni. Mashine iliniuliza kitu, nikaikubalia. Nilivaa viatu nikaenda zangu nimeridhika.

Mwantumu hubaki nyuma kufunga chumba. Kabla ya kuzima mashine humwaga vikapu vyote, ndivyo alivyofundishwa yeye.

Leo meneja akaja na wageni wawili, nao wamevua viatu. Mwantumu akawasha mashine yangu. Meza nyeupe. Akafungua huku, akafungua kule, akatafuta kwa jina, hakuna. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Zipo kikapuni." Akakitazama kile kikapu kitupu, kisha akanitazama mimi. Uso wake ulibadilika, na papo hapo nikaelewa kikapu kile ni cha nini.

Nilingoja aseme. Nilistahili.

Akamgeukia meneja. "Ni umeme, bwana meneja. Jana ulikatika ghafla, na jenereta ilichelewa kuwashwa. Kazi ya dada imepotea hivyo."

Umeme jana ulikatika kweli, kama kila siku. Ila kazi yangu ilikuwa salama, niliiona kwa macho yangu uliporudi. Nikasikia meneja anauliza jenereta iko chini ya nani, na mtu ametumwa kumwita Mhina.

Mhina ni fundi umeme wetu. Aliingia miguu mitupu, mikono ina mafuta, amesimama pembeni ya zulia asilichafue. Hakujitetea sana. Alisema tu kwamba alikuwa anatia dizeli. Meneja akatoa kalamu, akafunua orodha ya watakaobaki, akapiga mstari. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuona mstari umepita juu ya jina la nani.

Kisha akaniambia, kwa upole mkubwa, kwamba hasara ile si yangu, kwamba majalada ya karatasi bado yapo, nitaanza upya, na kwamba kiti ni changu.

Nikasema ahsante.

Niliona afadhali kuamini kwamba Mwantumu amenihurumia. Nikamfuata ukumbini nimshukuru. Akanikatiza. "Usinishukuru, dada. Mimi jalada moja limeniweka Maramba miaka, wala sijasahau nani aliandika. Ningekusema leo. Lakini nikikusema wewe, na mimi nimejisema, maana aliyekimwaga ni mimi." Halafu akaniuliza kama kesho nitakuja mapema, tuanze tena folda za mashamba. Amenisoma sawasawa. Mimi nilimwandikia ripoti kwa jalada lililopatikana baada ya siku mbili, na leo nimepoteza yote nikapewa kiti.

Bado sijaandika lililo baya zaidi.

Jioni nilimkuta Mhina getini, amesimama mvuani ananingoja. Nilidhani amejua. Nilisimama, nikajiandaa kutukanwa, na Mungu anajua ningefarijika.

"Dada Zuhura," akaniambia, "nisamehe. Wiki tatu umekaa pale unaumiza macho, na kazi yote imepotea kwa ajili yangu. Ningeijaza ile jenereta asubuhi, yasingekufika haya. Nimeona nisiondoke bila kukuomba radhi."

Mtu ametoka kufutwa jina, anaomba radhi kwangu. Anasomesha watoto wanne. Ana umri wangu, tuliajiriwa mwaka mmoja, na barua yake ya kuajiriwa niliiweka mimi jaladani kwa mkono wangu.

Nikamwambia haidhuru, kaka. Yameshapita.

Haidhuru! Neno hilo lilitoka kinywani mwangu bila kukwama, nikamwacha anafuta maji usoni nikaenda zangu.

Sasa nimekaa hapa najipigia hesabu za woga. Nikisema, nitafukuzwa mimi na Mwantumu, na huyo nitakuwa nimemharibia mara ya pili. Nisiposema, Mhina anaondoka akiamini amenidhulumu. Najua lipi ni la haki. Nalijua tangu saa nne asubuhi, na tangu saa nne asubuhi nimenyamaza.

Orodha itabandikwa ukutani kesho saa tatu. Meneja hufika saa mbili. Hiyo saa moja katikati, nitaipitishia mlangoni kwake, au kwenye kiti changu?

Ukurasa wa Alhamisi umeishia hapo. Leo nimefunua na ule wa Ijumaa. Una mistari michache tu. Mvua imekatika. Nimekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Nimenunua machungwa ya Muheza, matamu.

Mhina sikumwandika.