Alikuja kwa Jembe

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Kaseti ya saba, upande wa kwanza. Kurasa nne. Betri za redio ya kaseti zimechoka, sauti ya mzee inavutika kama ya mlevi. Nikazianika juani nusu saa, zikaamka.

Joto. Stoo ya zamani ya stesheni haina dari, bati tupu. Ndiyo ofisi yetu, Chama cha Kumbukumbu. Ngoma moja, vigoda viwili, majembe ya wahunzi wa zamani, sanduku la kaseti, taipureta, na mimi. Tangu nipunguzwe kazi ndipo ninapokaa mchana. Wazee walishasimulia, mimi nasikiliza napiga chapa. Kitabu cha koo kinazinduliwa tarehe 21. Watu wananiambia nafanya kazi kubwa. Sijui. Vidole vinakwenda vyenyewe.

Jumanne, 3 Septemba

Upande wa pili. Marehemu Mzee Mashaka anaeleza watu wa Kabungu, kijijini kwetu. Anaanza na ukoo wa Mwenyekiti wetu wa Chama, wenye nchi. Halafu anasema: "Babu yao alileta mwanamke mmoja wa ng'ambo ya ziwa. Alimpata Karema, misafara ilikuwa inapita na watu. Alikuja kwa jembe. Mwanawe ndiye yule Fundi Lukasi."

Fundi Lukasi ni babu yangu, mzaa baba.

Nikarudisha nyuma. Kwa jembe. Nikarudisha tena. Kwa.

Kwetu tunasema alikuja NA jembe. Baba hajawahi kusema vingine. Mtoto akichelewa kuamka: "Bibi yangu alikuja na jembe lake begani, nyie mmekuja na nini?" Mkwe akipika ugali mbichi, jembe. Mimi siku ya harusi yangu, mbele ya wageni, jembe. Tumekua tukijua sisi ni uzao wa bibi harusi mchapakazi aliyevuka ziwa na chombo chake cha kazi.

Kumbe jembe lilikwenda upande mwingine. Alitolewa yeye, likapokelewa jembe.

Mzee Mashaka alikufa mwezi wa sita. Hakuna wa kumuuliza tena.

Nilipiga "na". Nikaenda kuchota maji.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimepiga kurasa tisa za Wakonongo. Sikuhisi kitu. Moshi wa watu wanaochoma mashamba umejaa mpaka ndani.

Ijumaa, 6 Septemba

Mwenyekiti amekuja kukagua. Mwalimu mstaafu, anasoma na kalamu nyekundu mkononi hata kama hakuna cha kusahihisha. Alipofika ukurasa wa Kabungu aliomba kaseti. Akasikiliza, uso haukubadilika. Akaangalia karatasi yangu. Akasema, "Umesikia vizuri sana, Mama Stela. Umesikia kama mtu mzima."

Jioni akaniletea mchele wa Kibaoni, kilo tatu, ule wa kunukia.

Ilinichukua mpaka nafika nyumbani kuelewa. Nilidhani "kwa" inatuumiza sisi tu. Lakini aliyenunuliwa ana aliyemnunua, na huyo ni babu yake Mwenyekiti. Basi tunalindana, mimi na yeye.

Jumatatu, 9 Septemba

Mchele uko pale pale kwenye mfuko. Sijaupika.

Nimekasirika. Kidogo tu, lakini nimekasirika, na ni siku nyingi. Mume wangu alipokwenda Tabora akanyamaza, sikukasirika. Nilipopewa barua ya kupunguzwa, sikukasirika. Sasa kilo tatu za mchele.

Uongo ulikuwa wetu. Tuliutunza wenyewe, tukaulea. Sasa na yeye anaula.

Jumatano, 11 Septemba

Nimechukua stensili mpya, karatasi ya nta ya kurudufia, nikaupiga ukurasa upya. Kwa. Nikampelekea Mwenyekiti kwake, mchana kweupe, na mchele wake juu.

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa rahisi. Alisema ninajichoma mwenyewe, kwamba kesho keshokutwa watoto wa Kabungu watatuuliza sisi wa Fundi Lukasi, nyie ni nani hapa. Kisha akasema anamwachia baba yangu aamue. Mzee akikubali, iandikwe kwa. Asipokubali, inabaki na. Alitabasamu. Anamjua Baba tangu wachunge mbuzi pamoja.

Kwa hiyo ni juu ya Baba. Nimwendee mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye mtoto wa jicho, nimwambie msemo wake wa maisha yote ni mbovu.

Jumamosi, 14 Septemba

Kabungu. Nilidandia lori la magogo.

Baba alikuwa kwenye jamvi anachambua mbegu za karanga kwa vidole, maana macho hayasaidii. Akaniuliza kama nimekuja na kitabu. Nikasema bado. Nikamwekea redio karibu na sikio. Akamtambua Mzee Mashaka, akacheka, akamsalimia kabisa kama yupo. Halafu sentensi ile ikapita.

Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Hakuomba mara ya tatu.

Nikamweleza alichosema Mwenyekiti. Akaendelea kuchambua. Mbegu nzuri na mbovu anaziweka kwenye ungo mmoja, nikaona, sikusema. Kisha akaomba ashikwe mkono aingie ndani. Chakula hakula.

Wifi yangu, anayeishi naye, ananitazama kama mwizi wa kuku.

Jumapili, 15 Septemba

Hakwenda kanisani. Nilipoingia kuaga alikuwa ameelekea ukutani. Akasema, "Umekuja kunivua nguo, mwanangu. Uzeeni huku." Basi. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma.

Sikulia njiani. Nilitaka kulia, nikajaribu hasa, nikaacha. Nilikuwa nahesabu madaraja.

Nimemuumiza baba yangu kwa sababu ya mchele. Ndivyo ninavyoona sasa.

Jumanne, 17 Septemba

Stensili mbili mezani. Nimengoja neno kutoka Kabungu. Magari mawili yamefika, nimeuliza madereva wote wawili. Hakuna salamu.

Alhamisi, 19 Septemba

Tumerudufu kwa mashine ya parokia. Nakala themanini. Niliweka stensili ya kwanza. Na.

Mkono wangu ndio uliozungusha mpini. Mwenyekiti alikuwa anapokea karatasi upande wa pili, anazinyoosha. Wino umeingia kwenye kucha, hautoki kwa sabuni. Nimelala mapema.

Jumamosi, 21 Septemba

Uzinduzi ulikuwa chini ya turubai, mbele ya stoo. Watu wengi kuliko viti. Kwaya, hotuba, soda ya moto.

Baba alikuja. Sikumtegemea. Wifi amemwongoza, amevaa koti la kaki la sherehe. Alipita karibu yangu, nikamwamkia, akaitikia marahaba kama anamwitikia mpita njia.

Mwenyekiti akasoma vipande. Anasoma vizuri, ndiyo kazi yake. Akafika Kabungu. Labda alitaka kumfurahisha Baba, labda alitaka kumaliza kabisa. Akasoma: "Alileta mwanamke mmoja wa ng'ambo ya ziwa. Alikuja na jembe."

Baba akainua fimbo. Wifi akamvuta koti akae, Baba akauondoa mkono wake. Akasimama kwa shida, akageukia upande usio wenyewe, kuelekea kwaya, akasema:

"Si na. Kwa. Babu yako alimnunua bibi yangu kwa jembe moja, na wewe unajua. Mimi nilijua nikiwa na meno ya utoto. Tulisema na ili mabinti zetu waolewe. Wameshaolewa. Na huyo si mwanamke mmoja. Ni Ngalula. Alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito. Mpiga chapa ni binti yangu, atarekebisha."

Akakaa.

Kwa hiyo alijua. Jamvini pale nilimwambia asilotaka kulisikia, si asilolijua.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akavua miwani, akaikunja, akasahau kuiweka mfukoni. Kisha mwanamke mzee nyuma kabisa, simjui, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Sisi bibi yetu ni kwa chumvi." Mtu mwingine akaguna. Mwenyekiti akatangaza chakula.

Baada ya chakula Baba akaniita. Nilidhani atasema kitu. Aliniomba nimpeleke chooni. Nikampeleka. Njiani alinishika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 23 Septemba

Nasahihisha kwa kalamu. Nakala moja moja. Nakata na, naandika juu yake kwa. Nakata mwanamke mmoja, naandika Ngalula. Nimefika ya arobaini na mbili. Zile zilizokwisha kuchukuliwa siku ile sina la kufanya.

Mwenyekiti hajaja. Ametuma ujumbe ana malaria. Huenda ni kweli.

Saa tano yule mwanamke wa chumvi akaingia. Anaitwa Mama Regina, anauza dagaa sokoni. Alisimama mlangoni na beseni lake kichwani, akauliza kama bado tunaandika. Nikamwambia kitabu kimeshatoka. Akasema anajua. Nikamtua beseni, nikamwekea kigoda, nikatia kaseti mpya. Nikamwuliza bibi yake alikuwa anaitwa nani.

Akataja jina la mama yake, la shangazi, la yule mtu aliyetoa chumvi. La bibi hakulijua. Aliyekuwa analijua amekufa, na yeye hakuwahi kuuliza, maana nyumbani ilikuwa haiulizwi.

Nikaandika: jina halijulikani. Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akasema niache nafasi hapo, aende Ikola akamuulize dada yake mkubwa. Nikaacha mstari mmoja mtupu.