Anamsaidia Nani?

Swahiba, nimetoka shuleni sasa hivi. Uso wangu sijui niuweke wapi.

Mwalimu mkuu kaniita, ati binti yangu anasinzia darasani. Nikamfokea! Hawa wakubwa kazi yao kulaumu wazazi tu. Nikamwambia sisi utotoni tulichota maji, tukafua, tukasugua masufuria, tukamsaidia mama, na hatukufa.

Akaniuliza polepole, "Na huyu, mzee wangu, anamsaidia nani?"

Anamsaidia nani! Tangu mama yake afariki, mimi hata kikombe sijasuuza. Kupika yeye, kumwogesha mdogo wake yeye.

Nimefika nyumbani nikakusanya vyombo nioshe. Ikabidi nimwulize mwanangu sabuni inakaa wapi.

Akaniangalia weee. "Baba, unaumwa?"