Ubeti wa friji mbele ya wabunge

Wee, acha unachofanya usome! Dada ameimba habari za friji mbele ya wabunge. FRIJI!

Si unaujua ule wimbo wake wa chanjo, anaowaimbia akina mama pale kliniki? Kamati ya Bunge imeupenda, eti muziki utumike kuelimisha umma nchi nzima. Leo wakatuita, yeye aimbe, mimi nipige ngoma.

Mlangoni bosi wake akamnong'oneza, "Beti mbili tu, nesi. Ukigusa wa tatu, kazi huna." Maana ubeti wa tatu dada huutunga upya kila Jumatatu, kuwapa akina mama habari za kliniki.

Beti mbili zikaenda vizuri. Wabunge wakasimama, mwenyekiti na tai yake akakata kiuno. Kiuno, nakwambia! Dada akanogewa. Nikamkanyaga mguu, wapi!

"Friji imekufa, chanjo hakuna, mama rudi nyumbani!"

Na wabunge wakaitikia! Mara tatu! "Rudi nyumbaniii!"

Mwenyekiti akaganda kiuno kikiwa upande. "Friji imekufa lini?"

Bosi akaangalia viatu vyake. "Mwezi wa pili huu, mheshimiwa."

Tukatoka, bosi nyuma yetu kwenye ngazi. Nikasema leo ndiyo basi.

"Friji inakuja Ijumaa, mwenyekiti ameagiza," akasema bosi. "Sasa ubeti wa Jumatatu unishukuru mimi. Kwa jina."

Dada akamjibu: "Tuone kwanza kama inapoza, bosi."