Springi ya Kiti cha Nyuma

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama ameacha kukohoa, na paka wako amezaa tena, safari hii juu ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi.

Lile gari kuukuu la baba limepona. Unakumbuka lilivyokuwa likiunguza fyuzi kila ulipopanda, taa zinazimika, mpaka baba akatamka mbele za wageni kwamba wewe, dada yake, una mkosi. Tangu siku ile hujakanyaga kwetu.

Fundi umeme alikagua nyaya zote za mbele, asione kitu. Mwishowe akauliza, "Kwani fyuzi huwa inaungua nani akiwa ndani?" Nikajibu mimi: shangazi, kiti cha nyuma, upande wa kulia. Fundi akawasha taa, akamwambia baba akae palepale. Baba na kitambi chake alipojibwaga tu, fyuzi ikaungua.

Waling'oa kiti wakakuta springi iliyokatika, chini yake waya wa taa za nyuma umechubuka. Sisi wengine tukikaa, springi haiufikii. Mengine sisemi.

Baba aliigeuzageuza ile springi mkononi, kisha akasema polepole, "Kumbe dada yangu nilimfukuza kwa sababu ya kipande cha chuma."

Jumamosi anakuja kukuchukua mwenyewe. Ukiona gari linakuja mchana kweupe limewasha taa zote, ujue ndiye. Usimcheke. Au mcheke kidogo, anastahili.

Mimi mwanao,
binti wa kaka yako