Uvimbe wa Shingoni kwa Dada Kabula

Mjukuu wangu Limi,

Mwangaluka! Huku Nkololo tu wazima, pamba imepasuka vizuri na babu yako anatamba kwa watu kwamba unasomea udaktari.

Umeniuliza kama ni kweli saratani ya ubongo haitoki kichwani kwenda sehemu nyingine ya mwili. Ni nadra, lakini kwa dada yangu Kabula ilitoka. Nikiwa msichana nilimuuguza hospitalini Mwanza, alipotolewa uvimbe wa saratani kichwani. Mwaka uliofuata akashika shingo, akamwambia daktari, "Umehamia huku."

"Ule hauhami, mama."

Kabula akacheka. "Basi pima, tuone nani anaijua shingo hii."

Wakapima. Ulikuwa uleule. Daktari akarudi, akaketi kitandani kwake. "Ulisema kweli, mama. Sijawahi kuona jambo hili. Unataka tukusaidie nini?"

"Nicheze harusi ya mwanangu."

Tangu hapo nilimheshimu yule daktari zaidi. Walimtibu, maumivu yakapungua. Hakumaliza mwaka, lakini harusini alicheza mpaka kitenge kikamlegea kiunoni, bwana harusi akaomba kupumzika, naye Kabula akawaambia wapiga ngoma, "Huyu mwacheni akae, nyie endeleeni!"

Bibi yako akupendaye,
Ng'wasi